Daftari la Mkimbiaji



Nyumbani kwetu Likoni anaishi binti wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 16, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia wepesi wa miguu. Siku za mapumziko, baada ya sala ya Alfajiri, hutoka na wasichana wenzake kwenda kukimbia ufuoni, ambapo wakati huo watu ni wachache. Mwalimu wao, mama mwenye stara, hushika saa ya kupimia mbio mkono mmoja na daftari mkono wa pili.

Tukiri kwamba daftari lile hatukulipenda. Tulihofu kuwa mtoto akihesabiwa kila asubuhi atafunzwa kiburi. Lakini siku moja tulilifungua tukaona kuwa mita 1500 alizokuwa akizimaliza kwa dakika 5 na sekunde 10 sasa zilimchukua dakika 5 na sekunde 40. Hapo sisi tuliolidharau daftari tukaligeuza kuwa fimbo. Tulimkemea kwa uvivu na kwa kukesha na simu, tena mbele ya wadogo zake. Akasema, "Ami, najitahidi," akainama.

Jioni moja mwalimu alikuja, akaketi na mke wetu, kisha tukaitwa. Akatuonyesha kwamba kando ya kila muda ameandika hali yake: upepo, saa za usingizi, na kama maji yalikuwa yamekupwa. Bahari isipokupwa vya kutosha hukimbia juu ya mchanga laini, na wote huchelewa. Ila safari hii wenzake hawakuchelewa. Alichelewa yeye peke yake, majuma matatu mfululizo. Pia kulikuwa na mapigo ya moyo, ambayo binti hujihesabia alfajiri kabla ya kuinuka kitandani. Yalikuwa 58 kwa dakika, yakapanda hadi 72.

"Sheikh wangu," akasema kwa adabu, "mvivu moyo wake hauendi mbio akiwa amelala."

Tulimpeleka hospitali. Alipopimwa alionekana ana upungufu wa damu. Daktari alitueleza kuwa damu ndiyo ichukuayo hewa safi hadi kwenye misuli. Ikipungua, moyo hulazimika kupiga zaidi ili kufanya kazi ile ile. Hedhi yake ilikuwa nzito, akawa anapata kizunguzungu, na kwa haya alimficha hata mama yake mkubwa. Aliandikiwa vidonge vya madini ya chuma, akaagizwa maini, kunde na mboga za majani, na asinywe chai mara tu baada ya kula, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Madrasani tulifundishwa kutoipokea habari mpaka tumjue aliyeileta na hali aliyoileta nayo. Ajabu ni kwamba tulimhukumu mtoto kwa nambari moja iliyokuwa uchi. Wakazi wa Mombasa wanakumbuka tarehe 24 Machi 2007, dunia ilipokuja kisiwani kwetu kwa mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, joto na unyevu wa pwani vilimshinda akaacha njiani, naye Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ni nani angemwita Bekele mvivu?

Naye Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anajulikana kwa kuyaandika mazoezi yake daftarini kwa mkono wake. Huko ni kujihesabu, na kujihesabu si jambo geni kwetu. Tena Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa. Baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, naye Mtume akashinda, akamkumbusha kwa kicheko kwamba hii ni kwa ile. Aliikumbuka hesabu, lakini aliikumbuka kwa mapenzi.

Basi enyi wazazi, daftari la mtoto ni amana. Mlinganisheni na jana yake, si na binti wa jirani. Mambo ya mwili wake yasibandikwe ukutani. Na nambari ikishuka, ulizeni kabla ya kukemea.

Sisi tulimwomba radhi binti yetu, mbele ya wadogo zake wale wale. Alifuta machozi, kisha akatuomba ruhusa ya kurudi ufuoni daktari atakaporidhia. Tukampa.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atupe macho ya kuwaona kabla ya ndimi za kuwahukumu. Amin.