Mapenzi ya Likizo

Mpenzi msomaji, ukiona kichwa hiki usianze kutabasamu ukidhani nimekuletea barua ya mahaba. La hasha! Mapenzi nitakayokusimulia ni ya msichana na mbwa, na mwenye makosa katika kisa hiki si mbwa.

Kwetu ni Makueni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara iendayo Wote. Mwaka 2021, nikiwa darasa la saba, mbwa wa shangazi alizaa watoto watano. Nilimlilia mama anikubalie nichukue mmoja. Mama alikataa katakata. "Mbwa ni mdomo," alisema, "na midomo hapa inatosha." Nikaapa mbele yake kwamba nitamlisha mwenyewe, nitamtoa kupe mwenyewe, nitamfagilia banda mwenyewe. Baba, ambaye hufanya kazi Mombasa, alikuwa nyumbani wiki hiyo. Alicheka akasema, "Mwache. Mtoto akitaka kuapa, aape." Basi nikamleta mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, nikamwita Simba, jina ambalo kijijini kwetu ukiliita kwa sauti wanakuja mbwa wanne.

Mwanzoni nilitimiza ahadi. Hata mwaka 2022, ukame ulipotukaba na mvua ikatukimbia msimu baada ya msimu, sikukosa kumwachia Simba kijiko cha mwisho cha muthokoi na ukoko wa sufuria. Maafisa wa mifugo walipokuja sokoni kuchanja mbwa, nilimpeleka kwa kamba ya katani, nikapewa kadi yenye jina langu mahali palipoandikwa "mwenye mbwa". Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mtu mzima.

Mwaka 2023 nikajiunga na kidato cha kwanza. Shule ya bweni, kama ujuavyo, humeza mtu mzimamzima. Kengele, maandalio, mitihani, foleni ya chakula. Nilikuwa nikimwandikia mama barua na kumalizia kwa, "Nisalimie Simba." Nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu yote. Likizo zikifika nilimkuta, nikacheza naye wiki mbili tatu, nikarudi zangu shule. Kadi yake ya chanjo ilikuwa ndani ya sanduku langu bwenini, katikati ya kamusi, kama picha ya ukumbusho. Sikuitazama hata mara moja kuona tarehe iliyofuata.

Shule zilipofungwa tarehe 5 Aprili 2024, nilifika nyumbani jioni na mkoba mgongoni. Nilipiga mluzi langoni kama desturi. Kimya. Nikaenda nyuma ya ghala, na hapo nikapigwa na butwaa. Simba alikuwa amefungwa mnyororo mfupi kwenye mti wa mwembe. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mbali. Shingo ilikuwa imechubuka hadi nyama nyekundu ikaonekana, na nzi walikuwa wameifanya makao. Karai lake la maji lilikuwa limepinduka na kukauka. Aliponiona hakubweka. Aliutikisa mkia mara mbili, akalaza kichwa chini.

Nilimkimbilia mama jikoni nikifoka mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la shule. Mama aliendelea kupepeta pojo. Nilipochoka akasema, "Umemaliza? Sasa kaa chini nikuambie."

Kumbe katikati ya mwezi wa Februari, mdogo wangu wa miaka sita alikuwa ameuinua mfupa uliokuwa karibu na Simba, naye Simba akamrukia na kumuuma mkono. Mama aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kama alivyokuwa amefundishwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha akambeba mtoto mgongoni hadi hospitali. Muuguzi aliuliza, "Mbwa amechanjwa?" Mama akasema kadi anayo mwanangu, yuko nayo shuleni. Na hata angekuwa nayo mkononi, ingemwonyesha tu kwamba chanjo ilikuwa imepitwa na wakati, maana mbwa anafaa kuchanjwa kila mwaka. Hivyo mtoto akaanza sindano, akarudishwa siku hii na siku ile kwa wiki kadhaa, na kila safari ni nauli ya bodaboda.

Msomaji, huenda nyumbani kwenu hujawahi kusikia habari za kichaa cha mbwa zikizungumzwa kwa uzito. Kwetu tunazisikia. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanzisha mpango wa taifa, uliozinduliwa mwaka 2014, wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030. Virusi vyake huingia kwa mate ya mnyama aliyeambukizwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni mauti. Hakuna mzazi anayechezea jambo kama hilo.

Mama aliambiwa mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa na kichaa alipouma. Siku 10 zikaisha, Simba akawa mzima. Lakini nani wa kumfungua? Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, mdogo wangu alikuwa akipiga mayowe akisikia mnyororo ukilia, na mjomba alikuwa amesema, "Mbwa aliyekwisha kuonja mtoto hafunguliwi, hupewa dawa." Mama hakutaka kumpa sumu, wala hakuwa na ujasiri wa kumkaribia. Akawa anamrushia ukoko akikumbuka. Siku 10 zikageuka wiki saba.

"Nilimfunga mimi," mama akamalizia. "Lakini mbwa ni wako. Wewe unampenda mbwa wakati wa likizo. Hizo siku nyingine ananipenda mimi au anakupenda wewe?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumlaumu mama, na kusema kweli nilikuwa tayari nimemlaumu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, humhesabia kosa mwenye mnyama anayemtesa kwa kumnyima chakula na maji. Mwenye mnyama! Na kadi ilikuwa na jina la nani?

Kesho yake nilianza kazi. Afisa wa mifugo alinionya nisimpe chakula kingi kwa pupa, kwa kuwa tumbo lililozoea njaa hulemewa. Nikawa nampa uji mwepesi na dagaa kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikanunua dawa ya minyoo na ya kupe kwa pesa nilizokuwa nimeweka za kununua viatu. Alichanjwa upya. Nilimwondolea mnyororo nikamfunga kwa kamba ndefu yenye kitambaa shingoni.

Shule zilifaa kufunguliwa tarehe 29 Aprili. Mtakumbuka mvua za mwaka ule na mafuriko yake. Ufunguzi uliahirishwa kwa wiki moja, kisha ukaahirishwa tena, mpaka tukarudi tarehe 13 Mei. Wenzangu walifurahia kulala. Mimi nilipata wiki mbili za ziada za kumwona Simba akirudi kuwa Simba. Manyoya yakaanza kung'aa, akaanza kubweka usiku. Na jinsi alivyozidi kupona ndivyo swali la mama lilivyozidi kuniuma. Nikirudi shule, Jumanne moja ya mwezi wa Juni, nani atamjazia karai maji?

Ng'ambo ya mto kuna mzee mmoja mjane mwenye mbuzi kumi na wawili. Mbwa wake mzee alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alipopita kwetu kuomba mbegu za pojo, alimtazama Simba kwa muda mrefu, akamshika masikio, akamfungua mdomo akamtazama meno. Akasema, "Huyu hana ubaya. Huyu alikuwa na njaa." Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpa.

Usiku huo sikulala. Moyo mmoja uliniambia, hapana, umemponya kwa mikono yako, unamtoaje? Utamwambia mama amtunze, mdogo wako atazoea. Moyo wa pili ukaniuliza, atazoea baada ya kuumwa mara ya pili? Moyo wa kwanza ukasema, mzee huyo ni maskini, atamlisha nini? Wa pili ukajibu, yuko nyumbani asubuhi, mchana na jioni, na mbwa hahitaji nyumba ya mawe. Nilitaka sana kubaki na Simba. Lakini kila nilipojiuliza kwa nini, jibu lilianza na neno "mimi". Mimi nitamkosa. Mimi nitaonekana nimeshindwa. Mimi niliapa. Sikupata hata sababu moja iliyoanza na neno "Simba".

Asubuhi nilimwambia mama, "Nitampeleka." Mama hakunisifu. Alifunga ukoko kwenye jani la mgomba, akaniambia, "Mpe njiani asisumbue."

Mzee alipokea kamba, kisha akatoa shilingi 50 mfukoni. Nikakataa. "Mimi mbwa wa bure sichukui," akasema. "Cha bure mwenyewe hurudi kukidai. Chukua, ndipo awe wangu." Nikachukua. Nikampa na kadi ya chanjo. Nilirudi nyumbani nikipitia njia ya mbali ili watu wasinione uso.

Usifikiri kisa kiliishia hapo. Siku ya pili usiku tulisikia mlango ukikwaruzwa. Nilipofungua, Simba alinirukia kifuani akilia kama mtoto, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Alikuwa amevuka mto uliojaa. Mdogo wangu alijificha nyuma ya kitanda akitetemeka. Nilimkumbatia Simba nikasema moyoni, basi, Mungu ameamua, amebaki. Mama alisimama na taa mkononi, akanitazama bila kusema neno. Nikamtazama mdogo wangu nyuma ya kitanda. Nikahesabu siku zilizobaki kabla ya shule kufunguliwa. Zilikuwa tatu.

Mara ya kwanza nilimpeleka Simba kwa sababu ya maneno ya mzee na ya mama. Mara ya pili niliamua mwenyewe, na ndiyo iliyonigharimu machozi. Nilimrudisha asubuhi, nikakaa huko siku mbili kuanzia jua likichomoza hadi mbuzi wakirudi zizini. Tuliwachunga pamoja, mzee, Simba na mimi. Siku ya kwanza alinifuata mimi. Siku ya pili, jioni, alimfuata mzee. Nikaondoka bila kumwaga, kwa maana kuaga kungekuwa kwa faida yangu mimi.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtazama. Alibweka kwanza, kisha akanitambua, akanizunguka mara tatu akipiga kelele za furaha hadi mzee akacheka. Baada ya hapo mbuzi mmoja akachepuka kuelekea shamba la mtu, naye Simba akaniacha nimesimama, akaenda kazini. Kusema ukweli niliona wivu kidogo. Mzee aliingia nyumbani akatoa kadi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake limeandikwa lake, kwa mkono wa mtu asiyezoea kalamu. Chini yake alikuwa ameandika mwezi ambao Simba anapaswa kuchanjwa tena.

Zile shilingi 50 sijazitumia. Na mdogo wangu siku hizi hupita ng'ambo ya mto akitumwa maziwa, ingawa bado hupita kwa mbali kidogo.

Mwenzangu unayesoma haya ukiwa kitandani bwenini, labda nawe umeacha mnyama nyumbani ambaye unamtaja kwa mapenzi kwenye barua. Sikuambii umtoe. Ninakuomba tu uulize ni nani anayemjazia karai maji leo, na kama mtu huyo aliulizwa kabla ya kutwishwa mzigo. Ukipata jibu zuri, Alhamdulillahi, mshukuru mtu huyo kwa jina. Ukikosa, usingoje likizo ndipo ulie.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami, kwa ruhusa yao, ninaongeza kwamba mkono wa mbali haumlishi mbwa.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili