Kabati la Mama

Mimi nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila ninayo madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha. Kijana wa namna hii akikaa nyumbani Sumbawanga, mwezi wa Julai baridi inapong'ata, jiko ndilo ofisi yake. Ukiandika huku unalitazama kabati lililojaa ovyo, mwisho utataka kulipanga.

Ujuzi wenyewe niliupata hospitalini, nilikompeleka mdogo wangu kufungwa kidonda. Ukutani palikuwa na maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Muuguzi akanieleza kwamba asili yake ni Japani, viwandani, na kwao nako yanaanza na S: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Hospitali zetu zilianza kuyafuata mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikitangulia. Nilimhusudu aliyefasiri bila kuangusha hata S moja. Huyo ni mwandishi, bwana!

Basi mama alipokwenda msibani kijijini siku nne, nikaanza. Kusasambua, kwa lugha yetu ya mtaani, ni kumvua mtu nguo, na kweli kabati lilibaki uchi. Makopo yasiyo na vifuniko nje. Masufuria yaliyotoboka nje. Nyuma kabisa nikakuta galoni ndogo yenye maharage yaliyochanganyika na majivu. Nikasema haya yameoza, nikayamwaga jalalani, kuku wakashangilia. Galoni nikaiosha, nikatia chumvi. Kisha nikaseti: unga wa ulezi juu, dagaa wa Kasanga katikati, mchele wa bonde la Rukwa chini, kila kopo na karatasi yake ya jina.

Mama aliporudi alisifu. Lakini nilimwona anafungua kifuniko kimoja kimoja, ananusa. Macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo, na jiko letu lina giza la moshi. Zamani alilijua kila kopo kwa kulipapasa tu.

Mwezi wa Februari, wakati wa kupanda maharage, akauliza, "Mwanangu, zile mbegu umezihamishia wapi?"

Kumbe majivu yale yalikuwa dawa ya kuzuia bungua! Mbegu ilitoka kwa bibi, aina inayostahimili baridi yetu, na bibi ni marehemu. Nilipokiri, mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akanyamaza. Afadhali angenichapa.

Nilitumwa kwa majirani aliowahi kuwagawia. Wawili walikwisha kula yao. Wa tatu, bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, alinipimia kikombe kimoja, akasema, "Mwambie mama yako deni limekwisha." Tulipanda matuta mawili tu. Mwaka huo maharage ya kula tulinunua sokoni.

Mavuno ya kikombe kile yamerudi galonini na majivu yake. Muuguzi aliwahi kuniambia kwamba kitu cha shaka hakitupwi, hubandikwa karatasi nyekundu kingoje kuamuliwa. Hapo nilikuwa nimesahau. Sasa mama ameifunga galoni kitambaa chekundu shingoni. Kwake maana yake ni moja: mwandishi asiguse.