Mawe ya Ndarugu, Majivu ya Juja



Safari yetu ya wiki hii haina bahari. Tumepanda bara hadi Nairobi, tukaishika barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, na tulipofika Ruiru macho yalikuwa yamekwisha choka kuhesabu maghorofa. Yaliyokamilika yameanikwa nguo kila roshani. Yasiyokamilika yameachwa nondo wazi juu ya dari, zikingoja mwenye nyumba apate fedha za kupandisha tena. Mashamba ya kahawa yanazidi kusogezwa nyuma. Familia zetu nyingi zina jamaa waliopanga huku, au mtoto anayesoma karibu.

Anayekumbuka Huruma, Nairobi, hawezi kuyatazama maghorofa hayo kwa furaha tupu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la makazi liliporomoka huko, wakafa watu zaidi ya 50. Waliolala ndani hawakuwa na njia ya kujua zege la nguzo zao lilikuwa na nguvu gani. Sisi tulitaka kuona mahali ambapo jambo hilo hujulikana, basi tukaendelea mbele hadi Juja, kati ya Ruiru na Thika, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani.

Kazi yenyewe haina fahari. Zege humiminwa katika kalibu za mchemraba, milimita 150 kila upande, likishika hulowekwa majini, na siku ya 28 hutiwa katika mashine na kukandamizwa hadi lipasuke. Nambari itokayo hapo haimwonei mtu haya. Fundi aliyezidisha maji ili zege lisimtaabishe hujulikana, maana maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na katika vitundu ndimo udhaifu unamokaa.

Lakini wahandisi wa Juja hawapimi tu. Hutafuta pia vya kujengea. Profesa Walter Oyawa na wenzake walijaza zege ndani ya mabomba ya plastiki, bomba likawa kalibu na vazi la nguzo kwa pamoja. Wengine wamechunguza majivu ya makapi ya miwa na ya makumvi ya mpunga, ambayo Mwea, kaskazini ya Thika, yamejaa tele. Sababu ni nzito: saruji huokwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake duniani hutoa takriban asilimia 7 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Makumvi yakichomwa kwa moto wa kadiri, majivu yake husagwa na kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Silika iliyomo huungana na chokaa ambayo saruji huiacha inaposhikana na maji. Moto ukizidi, majivu huwa mavivu. Mwenye kuoka mikate ya mofa atalielewa hilo upesi kuliko sisi.

Majivu hayo yana fadhila nyingine, nayo ndiyo iliyotugusa watu wa Pwani. Huziba vitundu, chumvi isipenye kwa urahisi. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchoma na boriti za mikoko; urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kuta za msikiti mkuu wa Gedi hazina chuma ndani, basi chumvi haikupata nondo ya kula. Nyumba zetu za leo zina nondo, na wako wanaozijenga kwa mchanga uliochotwa ufukweni! Chuma kikila kutu huvimba, hupasua zege kwa ndani, na mwenye nyumba huona ufa akaupaka rangi.

Tulipopita Ndarugu tuliona machimbo ya mawe ya kijivu yakatwayo kwa mashine, ambayo yamejenga sehemu kubwa ya Nairobi. Vumbi libakialo machimboni limefanyiwa utafiti nalo, liwe badala ya mchanga wa mito. Hadi tunafika Thika, malori ya mawe yalikuwa yakipishana nasi.

Jioni, baada ya sala, mazungumzo yaligeukia nyumbani, kwa akina mama wanaosimamia ujenzi huku waume wako Ghuba, wakipokea fedha kila mwezi na kumkabidhi fundi. Hao twawaombea ujasiri wa kuuliza: Mchanga umetoka wapi? Maji yamepimwa kwa ndoo gani? Zege litanyweshwa maji kwa wiki nzima? Na siku ya kumimina nguzo, kalibu tatu zijazwe kutoka zege lile lile, mbele ya macho yao. Si lazima kuja Juja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina idara ya uhandisi huu, na hapo ndipo pa kuanzia kuulizia. Mchemraba mmoja una kilo 8 hivi. Mitatu hubebwa na tuktuk.