Alipoandika Mwenyewe

Leo mnivumilie, nitaongea habari za Taylor Swift. Najua wazee wa kanisa wanajiuliza Pasta amepatwa na nini. Binti yangu ni shabiki, na kwa karibu miaka miwili tumekula chakula cha jioni na habari za albamu ambayo haikuwepo.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2019 kampuni iliyomiliki rekodi asili za albamu zake sita za kwanza iliuzwa, na rekodi zikaenda nayo. Akaamua kuziimba upya moja moja. Kufikia Oktoba 2023 alikuwa ametoa nne, kila moja na nyimbo za zamani zilizokuwa zimebaki kabatini. Kati ya mbili zilizosalia, moja ni Reputation ya 2017. Hapo mashabiki wakawa wapelelezi. Akivaa nyeusi, ishara. Akibadilisha vazi lake la jukwaani lenye nyoka, ishara kubwa. Walipanga mpaka kolabo, nani ataimba naye wimbo upi, na nyimbo zenyewe hawajazisikia! Binti yangu alikuwa na daftari zima. Vijana wetu wangesoma Biblia hivyo tungekosa mimbari za kutosha. Ila niliona jambo: hakuna ishara iliyokubali kukosea. Tarehe ikipita bure, inageuka kuwa fumbo la tarehe nyingine. Mei 26, 2025, siku ya tuzo za American Music Awards, walisubiri tangazo. Wapi.

Siku nne baadaye mwenyewe akaandika barua, kwa maneno ya kawaida tu. Amezinunua rekodi zake zote. Na ile Reputation hajarekodi upya hata robo. Kila akijaribu anakwama. Muda wote ule watu wanasoma nguo zake, na nguo haikuweza kuwaambia kwamba mwenye nguo amekwama. Kilichonishangaza ni binti yangu kuanza kutafuta ishara ndani ya barua hiyo hiyo.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mama mmoja wa kanisa letu, ambaye amenikubalia niseme. Mwanawe yuko kazini Qatar. Kila asubuhi mama hutazama picha aliyoweka kijana kwenye simu: mashavu yamepungua? Kitanda ni kile kile? Juzi alikuja ofisini akilia. Wiki mbili kijana anaweka maandiko matupu, hakuna uso. Akanifafanulia kila andiko lina maana gani.

"Mama, umempigia?"

"Sitaki kumsumbua, Pasta."

Tukapiga pale pale. Akapokea mara ya pili. Aliachishwa kazi mwezi uliopita na alikuwa anaogopa kumwambia mamake. Nikawaachia ofisi, waliongea dakika 40.

Kijana anataka kurudi nyumbani. Mwenye uwezo wa kuchangia nauli tuonane Jumatano baada ya maombi.