Kwa kinga mpaka Kipushi



Toka Lubumbashi mpaka Kipushi ni kilometa 30 hivi. Wengi wetu tumeipita njia ile mara nyingi ndani ya taksi-bisi, mtoto juu ya magoti na kitunga cha nyanya chini ya miguu. Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa tano tuliipita kwa kinga. Kuna kundi la watu wa mtaa wanaotoka kila siku ya Mungu kwa kinga, vijana na wazee, na mara hii walitualika. Tulikuwa wamama saba: walimu watatu, wauzaji wa soko wawili, mshonaji mmoja na mkunga mmoja. Wawili kati yetu walijifunza kupanda kinga mwaka huu tu, jioni katika kiwanja cha masomo, watoto wakiwashika nyuma na kucheka.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, baada ya misa ya kwanza. Kundi lile lina sheria zake, na ni nzuri. Anayetangulia ni yule mwenye nguvu ndogo, ili wote wafuate mwendo wake. Wa mwisho ni mwenye nguvu, na yeye ndiye anabeba pompi na viraka. Wote wanakaa kuume kwa barabara, mmoja nyuma ya mwingine. Kamyo ikija, wa nyuma anapiga filimbi na wote wanasogea pembeni. Kamyo za njia ile ni nyingi na hazipunguzi mwendo, kwa hiyo filimbi haikupumzika.

Nyumba za mji zikiisha, macho yanafunguka. Mvua zilikuwa zimekwisha, majani yanaanza kugeuka rangi, na katika mashamba watu walikuwa wanavuna mahindi. Tuliona vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba. Juu yake wamama wamepanda mahindi na maboga, sababu udongo wake una nguvu. Vingine vimechimbwa nusu, na pembeni yake kuna matofali yanayongoja kuchomwa. Nyumba nyingi za Lubumbashi zimetoka katika vichuguu vya namna hiyo. Tuliwaeleza watoto jambo hilo tuliporudi darasani, na hawakutaka somo liishe.

Lakini pori limekwenda mbali. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kuokota masuku na bowa karibu na barabara, mvua zikianza. Leo, pembeni ya njia, kuna vichaka na visiki. Sababu yake tulikutana nayo uso kwa uso: watu wa makala, wanasukuma kinga zilizojaa magunia mpaka huoni mtu, unaona miguu tu. Papa mmoja alikuwa anapumzika kwenye kivuli, tukamsalimu.

"Jambo, Papa."

"Jambo sana, wamama. Munaenda wapi na kinga bila mizigo?"

Tulimwambia tunatembea tu. Alicheka sana. Kisha alituambia ameondoka nyumbani jana asubuhi, na kama Mungu akipenda atafika mjini mchana. "Hii kinga ndiyo shamba langu," alisema. "Ikivunjika, watoto hawasomi." Hatukuwa na neno la kumjibu. Makala yake ndiyo yanapika bukari yetu.

Mbele kidogo tulisimama katika kijiji kuomba maji. Wamama walituletea na munkoyo, aksanti kwao. Tulipojitambulisha kuwa walimu, mazungumzo yaligeuka. Tangu 2019 masomo ya primeri ya serkali ni bure, na watoto wa pale wanasoma. Lakini sekondari inalipwa, tena iko mbali. Mama mmoja alisema binti yake alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja, kungali giza, na kutembea saa mbili. Aliogopa njia ile, akamwachisha. Kaka yake anaendelea kusoma, sababu baba alimwachia kinga.

Tulipiga hesabu pamoja naye pale chini. Njia ya saa mbili kwa miguu ni dakika arobaini kwa kinga. Binti angeondoka jua limekwisha kutoka, na angefika bila kuchoka.

"Lakini wanasema kinga inaharibu binti," mama yule alisema kwa sauti ya chini.

Mkunga wetu alimjibu: "Mama, nimezalisha wanawake wengi, na wengine walipanda kinga tangu utoto. Kinga haizuii mtu kuzaa. Kutembea peke yake katika giza ndiko kunatutia woga."

Tulifika Kipushi kabla ya saa sita. Mnara wa mgodi unaonekana toka mbali, na upande wa pili wa mji ni Zambia. Mgodi ule ulianza 1924. Ulisimama 1993, ukakaa zaidi ya miaka thelathini, kisha ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Wamama waliotupikia bukari na sombe walitusimulia miaka ile ya katikati, wakati mishahara ilikatika. Walilima, waliuza mboga, walivuka mpaka na vitunga, na watoto walikula. Mwenye kusimulia hakujisifu. Alisema tu: "Tungefanya nini?"

Kurudi kulikuwa kuzito, jua kali na upepo wa mbele. Kinga mbili zilitoboka, yule wa mwisho akaziziba. Sote saba tulifika kabla ya giza.

Sasa tunaleta neno hili mbele ya kikundi chetu. Je, likelemba ya miezi inayokuja inunue kinga, zamu kwa zamu, kwa mabinti wanaosoma mbali? Mama mshonaji anaona ni afadhali mashini ya kushona, sababu inaleta franka mara moja. Ana haki ya kusema hivyo, na tunataka asikilizwe. Sisi walimu tunaona kinga ikinunuliwa iandikwe kwa jina la binti, isibebe makala, na kaka asiichukue bila ruhusa. Tunaona pia binti afundishwe kuziba tundu mwenyewe, ili asingoje mtu.

Fikirini nyumbani, ongeeni na mabinti wenyewe, halafu tutaamua pamoja kwenye mkutano. Na anayetaka kutoka nasi safari ijayo, alete maji, kofia, na kitambaa cha kufunga kikwembe kisiingie ndani ya cheni.