Gololi Iliyopoteza Kitovu

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake, ila humhitaji mnunuzi mwenye jicho. Kwa asiyejua kutazama, chema chaweza kulala uvunguni kwa miaka zaidi ya hamsini, na siku kitakapotolewa kikaharibiwa na mkono uleule uliokusudia kukienzi. Hayo ndiyo yaliyomkuta kijana mmoja wa Mombasa, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, aliporithi kopo la gololi.

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, rangi imebabuka na kifuniko kimeshika kutu. Babu yake alikuwa mpishi katika nyumba ya afisa mmoja wa reli. Afisa huyo alipofungasha virago kurejea Uingereza mwaka 1963, watoto wake waliliacha kopo jikoni, na babu akalichukua. Mzee alipofariki, nyanya alilitoa chini ya kitanda na kumkabidhi mjukuu wake wa kwanza bila maelezo mengi. Ndani mlikuwa na gololi 41, vile vitufe vya kioo ambavyo watoto wa mitaa ya Nairobi huviita bano.

Wakati huo dadake kijana alikuwa katika chuo cha ualimu, na karo ya muhula ilikuwa haijalipwa. Kijana alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo wapo watu wanaokusanya gololi za kale na kuzinunua kwa fedha nyingi. Akaona mlango umefunguka. Alizimwaga gololi mkekani, akaanza kuzipanga kwa kigezo cha pekee alichokuwa nacho, yaani uzuri. Safu ya kwanza aliweka gololi 29 angavu, kila moja ikiwa na utepe wa rangi katikati mithili ya mboni ya paka. Ya pili, saba za kioo kitupu cha rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Hizi alizikisia kuwa za kale mno. Ya tatu, nne zisizopenyeza mwanga, zenye rangi mbili zilizovurugana kama maziwa na chai kabla ya kukorogwa.

Ilibaki moja. Ilikuwa kubwa kama ndimu, nzito, na uso wake umekwaruzika hata umepoteza ung'avu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyeupe zilizosukwa kama wavu wa mvuvi, zikizungukwa na tepe nyekundu, za kijani na za samawati. Viputo vya hewa vilionekana hapa na pale. Aidha, katika ncha zake mbili palikuwa na alama za kuparuza, kana kwamba kitu kilikuwa kimenyofolewa pale. Kijana aliihesabu kuwa mbovu kuliko zote, akaiweka mwisho. Hata hivyo ukubwa wake ulimtia tamaa. Aliipeleka kwa fundi wa vito mjini, akaomba isagwe na kung'arishwa. Ilirudi iking'ara kama mwezi wa kumi na nne. Mikwaruzo ilikuwa imetoweka, na zile alama za ncha mbili nazo zimetoweka.

Alizipiga picha zote, akazituma kwa dalali mmoja wa mnada nchini Uingereza. Jibu lilikuwa fupi. Safu tatu za mwanzo hazikuwa na bei ya kuzungumzia. Kuhusu ile kubwa, dalali aliuliza swali moja tu: je, angeweza kutumiwa picha za ncha zote mbili?

Swali hilo lilimpeleka kijana maktabani, mahali ambapo angepaswa kuanzia. Huko ndiko alikofahamu kwamba gololi za jicho la paka zilienea kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikimiminwa na mashine kwa wingi usiohesabika. Ndiyo maana moja haifikii bei ya kikombe cha chai. Zile saba za kijani hazikuwahi hata kuwa za mchezo. Zilikuwa vizibo. Mwaka 1872, Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa ya soda iliyozibwa na gololi: gesi ya kinywaji iliisukuma gololi juu, ikabana kwenye pete ya mpira shingoni mwa chupa. Watoto walizivunja chupa hizo ili wapate cha kuchezea. Nne zenye rangi za kuvurugana zilikuwa kazi ya mashine vilevile. Uundaji wa gololi kwa mashine ulishika kasi baada ya Martin Christensen wa Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kupata hataza yake mwaka 1905. Gololi ya mashine huwa mviringo kamili kwa sababu huviringishwa ingali moto katika mifereji ya chuma, nayo haiachi alama mbili za kukatwa.

Gololi ya mkono ina hadithi tofauti. Katikati ya karne ya 19, katika mji wa Lauscha, eneo la Thuringia nchini Ujerumani, mafundi walianza kutumia mkasi wa aina yake, wenye kikombe kidogo upande mmoja. Fundi alitayarisha ufito wa kioo laini uliojaa nyuzi za rangi, akausokota ungali moto, kisha akaubana mwisho wake kikombeni, akauzungusha mpaka ukawa duara, akaukata. Kila gololi ilitoka katika ufito huo na alama mbili: moja pale ilipotengana na ndugu yake aliyetangulia, nyingine pale ilipotengana na ufito uliobaki. Watozaji wa gololi huzitafuta alama hizo kwa lenzi kabla ya kutazama jambo lingine lolote. Viputo vya hewa haviwatishi. Aghalabu hivyo ni sehemu ya kuumbwa kwake. Wanachokipima ni aina, kipenyo, hali ya uso na uadimu. Na katika hali ya uso, afadhali mkwaruzo wa kweli kuliko mng'aro wa kubandikwa. Gololi iliyosagwa upya imevuliwa ngozi yake ya kwanza, na bei yake huporomoka. Mjuzi bado aweza kuikisia asili yake kwa kufuata nyuzi zinavyokutana nchani, lakini ushahidi ulio wazi umeondoka, na wapo mafundi wa siku hizi wanaosokota nyuzi kama zile.

Dalali alipopata picha alizoomba, alitaja bei ambayo, baada ya ada yake na gharama za posta, isingelipa hata nusu ya karo. Aliongeza kwa upole kwamba kama isingeguswa, ingepata zaidi ya maradufu ya hiyo.

Jioni hiyo kijana aliiweka gololi kiganjani mwa nyanya yake. Bi kizee aliizungusha karibu na taa.

"Hii ndiyo ile kubwa? Mbona haina kovu? Babako aliichezea hapa uani. Siku moja aliirusha ukutani, ikakwaruzika ubavuni, babu yako akamkaripia mpaka akalia. Mato yangu yaniambia si hiyo."

"Ndiyo hiyo, nyanya. Niliisafisha."

"Uliisafisha ama uliifuta?"

Kijana alimweleza habari za ufito, mkasi na zile alama mbili. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi hicho ni kitovu. Na kitu kisicho kitovu, mjukuu wangu, utajuaje kwao ni wapi?"

Babake alikuwa ametangulia mbele ya haki tangu kijana angali shule ya msingi. Hakuachiwa saa wala barua. Kumbe aliachiwa mkwaruzo ubavuni mwa kioo, naye akamlipa fundi auondoe.

Usiku ule hakulala mapema. Mezani palikuwa na madaftari ya utafiti wake: ngano alizozirekodi kutoka kwa nyanya huyohuyo na kuzinukuu kwa mkono. Alifungua la kwanza. Mahali nyanya aliposema "mato", yeye alikuwa ameandika "macho". Aliposema "kitwa", imeandikwa "kichwa". Aliposema "kutinda", imeandikwa "kuchinja". Ukurasa baada ya ukurasa, Kimvita cha bi kizee kilikuwa kimesagwa na kung'arishwa ili msimamizi wa tasnifu asikwazwe. Kijana aliiwasha kanda upya, akatwaa kalamu nyekundu, akaanza kurudisha. Huku, angalau, sauti ilikuwa ingalipo. Kazi hiyo ilimchukua wiki tano.

Karo ya dadake ililipwa kwa njia nyingine. Aliuza kipakatalishi chake, naye akamalizia tasnifu kwenye tarakilishi za maktaba, akipanga foleni pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Gololi haikuuzwa. Asidanganyike mtu kwamba alikataa fedha kwa ajili ya kumbukumbu. Mtihani huo haukumfika, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwisha kuipunguza thamani isistahili kuuzwa.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Leo kijana huyo ni mtozaji, japo mdogo. Ana lenzi na rula ya kupimia kipenyo kwa milimita. Gololi mpya ikimfikia, huiosha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, basi. Huitazama ncha zake kwanza. Huuliza ilitoka kwa nani, ikachezewa wapi, na jibu huliandika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari hilo kila gololi ina mstari wake: aina, kipenyo, hali, asili, kitovu.

Mstari wa kwanza ni wa ile kubwa. Aina: ya mkono, Ujerumani. Kipenyo: milimita 44. Hali: imesagwa. Asili: uani kwa nyanya. Na chini ya neno kitovu ameandika: kilikuwapo, mwenye daftari hili ndiye aliyekifuta.