Wakaliga: Mtaa Unaotengeneza Sinema kwa Chuma Chakavu

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina fahari yake. Rubaga na Namirembe vina makanisa makuu, Kibuli na Kampala ya Zamani vina misikiti, na Mengo ni makao ya Kabaka wa Buganda. Lakini mji huo una mabonde pia, na mabondeni ndimo wanamoishi wananchi wengi wa kipato kidogo. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya vilimani huteremkia huko yakichukua taka na matope, na mitaro hufurika hadi vizingitini.

Katika bonde mojawapo, chini ya kilima cha Rubaga kwenye njia iendayo Natete, ndipo ulipo mtaa wa Wakaliga. Apitaye kwa mara ya kwanza haoni kitu cha kumsimamisha. Ni nyumba za matofali zilizobanana, nguo juu ya kamba, sufuria juu ya mkaa, na watoto wanaokimbizana kwenye udongo mwekundu. Hata hivyo wako wageni waliovuka bahari kwa ajili ya kuuona mtaa huu, na walipoingia katika ua mmoja walikuta helikopta. Helikopta hiyo haina injini wala haitaruka kamwe. Imeungwa kwa vyuma chakavu, na imekwisha kupigana katika vita vingi kuliko helikopta nyingi za kweli, kwa sababu vita vyake vyote ni vya sinema.

Mfyatua matofali na ndoto yake

Mwenye ua huo ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973. Watu wa rika lake walikuwa watoto wadogo Kampala ilipotekwa mwezi wa Aprili 1979 na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Na walikuwa wakibalehe mji huo huo ulipotekwa tena mwezi wa Januari 1986. Mlio wa bunduki waliusikia kwa masikio yao kabla hawajausikia kwenye sinema.

Sinema yenyewe Nabwana aliijua kwanza kwa kusimuliwa. Kaka zake ndio waliokuwa wakienda kutazama, na waliporudi nyumbani walimweleza mdogo wao nani alimpiga nani, nani aliruka wapi, na gari gani lililipuka. Yeye alizichora picha zote kichwani mwake. Huenda ndiyo maana alipokua hakuona ajabu kutengeneza sinema bila vyombo, kwa kuwa hata zile za kwanza alizozipenda alizitengeneza mwenyewe kwa fikra.

Alipofikia umri wa kujitegemea alifyatua matofali na kuyauza. Fedha ya matofali ndiyo iliyomfungulia njia. Alijifunza kutengeneza kompyuta, kisha akaunga zake mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Mwaka 2005 akaanzisha kampuni, akaiita Ramon Film Productions. Jina hilo si la kigeni kama linavyosikika: ni silabi za mwanzo za majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Kampuni hiyo ikaja kujulikana kwa jina la utani, Wakaliwood, kwa kuifananisha na Hollywood ya Marekani.

Damu, bunduki na kitambaa cha kijani

Sinema za Wakaliga ni za mapigano, na mapigano yanahitaji silaha. Fundi mkuu wa silaha hizo ni Dauda Bisaso. Mabomba ya maji, vipande vya mbao, vipuri vya magari yaliyokwisha kazi, vyote vikipita mikononi mwake hugeuka bunduki, bastola na mizinga. Hakuna hata moja inayoweza kufyatua risasi. Mchezaji huitikisa kwa mikono yake mwenyewe ili ionekane inarusha, kisha moto wa mtutu huongezwa baadaye kwenye kompyuta, picha baada ya picha.

Damu ilikuwa na historia yake. Hapo mwanzo walitumia damu ya ng'ombe, kwa kuwa ilikuwa rahisi kupatikana machinjioni. Mchezaji mmoja akaugua ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, nao wakaacha. Tangu hapo damu ikawa rangi nyekundu ya chakula iliyochanganywa na maji. Huitia katika vile vifuko vyembamba vya mpira ambavyo zahanati huwagawia watu wazima bila malipo, wakavificha ndani ya nguo pamoja na mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi ukivutwa, kifuko hupasuka, na mchezaji huanguka akiwa ametapakaa damu isiyomdhuru yeye wala mtu mwingine yeyote.

Kamera ilihitaji kitu cha kuisimamisha, na jeki ya gari ikafanya kazi hiyo. Ilihitajika pia ile hila ya kumweka mtu mahali asipokuwapo, ambayo studio kubwa huifanya kwa kumsimamisha mchezaji mbele ya pazia la kijani, kisha kompyuta hulifuta pazia na kuweka picha nyingine nyuma yake. Nabwana alinunua kitambaa cha kijani dukani, akakitandaza juu ya ukuta. Mbele ya ukuta huo watu wa Wakaliga wamepanda helikopta, wakaruka juu ya mji na kulipua maghorofa ya Kampala, ilhali miguu yao haijaondoka kwenye udongo wa uani.

Kapteni Alex

Kazi iliyoutangaza mtaa huo ni sinema ya mwaka 2010 iitwayo "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Alimwua Kapteni Alex?" Iligharimu chini ya dola 200 za Kimarekani. Ni hadithi ya askari hodari wa Uganda anayetumwa kulisambaratisha genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Kapteni anauawa, na ndugu yake, bingwa wa kung-fu, anatoka kumtafuta muuaji. La kuchekesha ni kwamba swali lililo katika jina la sinema halijibiwi. Mapigano yanakwisha, sinema inakwisha, na mtazamaji haambiwi nani hasa aliyemwua Kapteni.

Askari wa kweli akiitazama ataona kasoro nyingi mara moja. Bunduki hairudi nyuma begani. Mtu mmoja anasimama wazi uwanjani na kuangusha kikosi kizima. Lakini asipokuwa na haraka ya kukosoa, ataona jambo jingine pia: vijana waliozaliwa katika nchi iliyoonja vita wameichukua bunduki, wakaitengeneza kwa bomba la maji, wakaifanya kitu cha kuchekwa na mtaa mzima. Jioni ilipofika, waliouawa waliinuka, wakajifuta rangi, wakaenda kula.

Kicheko hicho huongezwa nguvu na mtu ambaye haonekani kwenye picha. Katika vibanda vya video vya Uganda, ambako watazamaji huketi juu ya mabenchi mbele ya televisheni, kuna desturi ya muda mrefu ya mfasiri kueleza sinema za kigeni kwa Kiganda huku zikiendelea. Huyu huitwa Vijei. Kenya na Tanzania nako wapo wafasiri wa namna hiyo. Vijei hafasiri tu. Huongeza utani, humshangilia shujaa, na humwonya aliye hatarini kana kwamba anasikia. Katika sinema za Wakaliga kazi hiyo hufanywa na Vijei Emmie, na sauti yake imekuwa sehemu ya sinema zenyewe.

Juma moja la kuuza

Waigizaji wa Wakaliga ni majirani. Mtu ana kazi yake ya kutwa, na siku ya kupiga picha huja kufa mara tatu au nne kwa nguo tofauti. Wengi hawakulipwa mshahara. Sinema ilipokamilika, ilinakiliwa kwenye diski za DVD, na wachezaji wenyewe walizitembeza mlango kwa mlango, baadhi yao wakiwa wamevaa mavazi yale yale ya mchezo. Kila aliyeuza alibakiza sehemu ya bei kama malipo yake.

Muda wa biashara ulikuwa mfupi. Baada ya juma moja hivi, wezi wa kazi za watu walikuwa wamekwisha kunakili diski hizo na kuziuza kwa bei ya chini. Basi ilikuwa lazima kuuza upesi, kisha kuanza sinema nyingine. Mwendo huo ndio uliokitia chombo tumboni, na ndio uliosababisha hasara ambayo haiwezi kulipika.

Kompyuta ya Nabwana ilikuwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi picha, na vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika viliiandama. Ili kuanza kazi mpya ilibidi ile ya zamani ifutwe. Hivyo ndivyo ilivyotendeka kwa "Kapteni Alex". Picha zake za asili zilifutwa ili kupisha sinema iliyofuata. Nabwana hakutazamia kwamba kuna mtu wa nje ya mtaa wake atakayetaka kuiona. Diski zilikwisha kuuzwa, majirani walikwisha kucheka. Ilibaki ya nini?

Lakini kipande kifupi cha kuitangaza sinema hiyo kilikuwa kimewekwa kwenye intaneti mwezi wa Januari 2010, nacho kikazunguka dunia. Mwishoni mwa mwaka 2011 kilimfikia Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliyekuwa akifanya kazi katika matamasha ya sinema. Baada ya majuma machache alikuwa Wakaliga akiuliza nyumba ya Nabwana. Hatimaye alihamia huko, akawa msaidizi na mchezaji. Sinema nzima ilipowekwa kwenye intaneti mwaka 2015, ilipata watazamaji kwa mamilioni. Wanachokiona ni nakala iliyotokana na diski ya DVD iliyosalimika. Ile ya asili, iliyo safi, haiko tena popote.

Faida na deni

Mwaka huo huo wa 2015 watu wa Wakaliga waliomba mchango wa dola 160 kupitia intaneti ili watengeneze sinema nyingine, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2016 sinema yao "Bad Black", ambamo mtoto wa mtaani anamfundisha daktari wa Kimarekani ukomando, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yafanyikayo kila baada ya miaka mitano. Watoto wa mtaani nao walijitokeza kwa mapigano yao ya kung-fu, wakajiita Waka Starz.

Wako wanaosema kwamba wageni hucheka kwa dharau, kwamba wanaifurahia mbao iliyopakwa rangi kwa sababu tu imetoka Afrika. Pengine wamo wa namna hiyo. Lakini aliyetembea Wakaliga anajua kwamba kicheko kilianza mtaani kwenyewe, miaka mingi kabla ya mgeni wa kwanza kufika, na wa kwanza kucheka walikuwa wale waliojua bomba lile limetoka kwenye choo cha nani.

Jambo linalostahili kutafakariwa na wenye nyumba, na hasa vijana wanaojaribu kazi za mikono na za sanaa, ni hili. Ufukara haukuweza kuwazuia watu wa Wakaliga kutengeneza. Walikosa pazia, wakatandaza kitambaa; walikosa bunduki, wakachonga; walikosa fedha ya mishahara, wakagawana mauzo. Mahali ufukara ulipowashinda ni penye kuhifadhi. Kitambaa cha kijani kilinunuliwa, lakini nafasi ya kuweka kazi iliyokwisha haikupatikana, na mwenye kazi mwenyewe hakuithamini kiasi cha kuitafutia mahali.

Swali la sinema lilikuwa nani alimwua Kapteni Alex, nalo halikujibiwa. Kuhusu picha zake za asili, jibu linajulikana. Zilifutwa na mikono ile ile iliyozipiga, kwa haraka ya kesho na kwa kudhani kwamba kazi ya watu wadogo haitaulizwa na mtu. Katika nyumba ngapi za Afrika Mashariki daftari la nyimbo za babu, picha ya harusi au kanda ya sauti ya bibi imetupwa kwa dhana hiyo hiyo? Wahenga walisema akiba haiozi. Watu wa Wakaliga walijifunza neno hilo kwa gharama kubwa, nao wangali na chuma chakavu cha kutosha kwa vita vingine.